Mwaka wa Kusimamisha

Arobaini ya Mzee Athumani ilisomwa nyumbani kwake Kilosa, na mimi nilishindwa kukaa. Wanawake wenzangu walitandika mikeka uani, wakakunja miguu, wakawa wanachambua mchele wa pilau, na kila nilipojaribu kukunja ya kwangu nilijikuta nimeshainuka. Nilienda kuangalia moto. Nilienda kuangalia maji. Nikazunguka nyuma ya nyumba kuangalia ukuta wa choo kipya ambao marehemu aliuacha haujafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, nikaupima kwa jicho, nikaona umenyooka, nikarudi. Ndipo mkwe wake mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, mpeni Mama Simamisha kazi, la sivyo atatubomolea nyumba." Watu wakacheka. Hata Mwajuma, binti wa marehemu, alicheka huku macho yamemvimba. Msichana aliyekuwa anakuna nazi akaniuliza kama nina mtoto anayeitwa Simamisha. Nikamwambia hilo ni jina la kazi, nililipata Tindiga nikiwa kijana, kwenye ujenzi. Akanitazama, mama mtu mzima na kanga yangu ya msibani, nikaona wazi kwamba haniamini.

Mwaka huo wa Tindiga nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na kiherehere chote cha kutaka kuonekana. Kampuni iliyokuwa na ofisi Kilosa mjini ilipata kazi ya kujenga wodi ya wazazi Tindiga, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga, na msimamizi wao wa saiti akaacha kazi ghafla akahamia Dodoma. Hawakuwa na mtu mwingine wa karibu. Injinia wa kampuni akanipa mimi usimamizi kwa majaribio, na sharti lake lilikuwa moja: nihudhurie mafunzo ya uongozi na usimamizi wa miradi kwa wasimamizi wa ujenzi, yaliyokuwa yanafanyika Mikumi mwisho wa wiki, na mwaka ukiisha yeye mwenyewe aseme kama nafaa au sifai. Nikifaa, nitakuwa msimamizi kamili. Nisipofaa, nirudi ofisini kupokea simu na kuchemsha chai ya wageni, kazi niliyokuwa nimeshaifanya na kuichukia kwa moyo wote. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka ile saiti. Nilikuwa nikiwa Tindiga roho iko Mikumi, nikiwa Mikumi roho iko Tindiga, nawaza nani ameacha saruji wazi na nani amelala chini ya toroli. Leo nawaambia vijana wapumzike Jumapili, na nikishawaambia hivyo naondoka haraka wasije wakaniuliza mimi nilipumzika lini.

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa nyuma ya gesti moja kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Lori likipita, vikombe vilitetemeka mezani na Mwalimu Festo alinyamaza katikati ya sentensi, akalisubiri, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Alikuwa mtu wa Morogoro mjini, mpole, mashati yake yamepigwa pasi mpaka mikononi. Madirisha yaliwekwa nyavu kwa sababu ya nyani, lakini mlango ulikuwa mlango tu, na siku moja wakati wa chai nyani mmoja aliingia, akachukua chapati ya jamaa aliyekaa jirani yangu, akaenda kuilia juu ya ukuta huku anatutazama. Mwalimu hakuiacha nafasi hiyo ipite. Alisema yule ndiye peke yake ukumbini aliyefanya mpango wa kazi: ameangalia, amesubiri, ametekeleza. Tulicheka, lakini ndivyo alivyofundisha, kwa vitu vilivyopita mbele ya macho yetu. Alitufundisha kazi ipi itangulie ipi, namna ya kukusanya watu asubuhi kabla hawajashika koleo, namna ya kumkanya mtu bila kumvunja. Na alitufundisha kitu alichokiita kurudisha neno. Ukimpa mtu agizo, usimwache aondoke na "sawa." Aseme kwa kinywa chake mwenyewe amesikia nini. Wanaume wale, na ukumbi mzima walikuwa wanaume isipokuwa mimi, walisema hayo ni mambo ya chekechea.

Mimi sikucheka. Nilinyoosha mkono. "Mwalimu," nikasema, "fundi wangu mkuu ni mzee. Asubuhi namwamkia shikamoo. Nikishamshika miguu, namwambiaje arudie nilichosema, kama mtoto?"

Mwalimu Festo alikuna kidevu. "Uongozi ni kuhakikisha umeeleweka," akasema. "Namna ya kuhakikisha, utaitafuta mwenyewe."

Jibu hilo lilinikera siku nzima. Sikutoka Tindiga na vumbi lote lile ili niambiwe nitafute mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana nilijilaza chumbani, chumba chembamba chenye chandarua cha bluu na kalenda ya zamani ya duka la vipuri, na kupitia ukuta nikawasikia wenzangu wawili wakizungumza huku wanavua viatu. "Yule dada wa Tindiga hafiki mwisho," mmoja alisema. Mwenzake akauliza kwa nini, mbona ana akili. "Akili anazo. Lakini fundi hasimamiwi na mtu anayempa shikamoo. Watamfanya mjukuu wao, basi." Nikasikia kitanda kinalia, kisha mmoja wao anakoroma. Mimi sikupata usingizi tena. Nilitoka nje nikaizunguka ile gesti juani mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Iliniuma, nisidanganye, na iliniuma zaidi kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba jamaa anakosea.

Tindiga nilipanga chumba kwa mkulima mmoja, na chumba hicho nilikitumia pamoja na magunia ya mpunga. Yalifika mpaka darini. Nilijifunza kulala ubavu mmoja tu, na nguo zangu zote, hata zile za Mikumi, zilinukia pumba. Chakula tulikula kwenye banda la Mama Pili, aliyetupikia wali na maharage karibu na saiti, na kambale siku ambazo mumewe alibahatika bwawani. Hapo ndipo nilipojifunza kumsoma Mzee Athumani. Alikuwa mrefu, mkavu, koti lake moja la kijivu halikumtoka hata jua liwakeje, na timazi yake, kamba ya kupimia kama ukuta umenyooka, aliiweka mfukoni pamoja na tasbihi, akiingiza mkono hujui kitatoka kipi. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, Mzee," naye akajibu, "Marahaba, mama, umeamkaje?" na baada ya hapo nikatakiwa kumwambia afanye nini. Hakuwahi kunikatalia. Alisema "sawa, mama," kisha akaenda kufanya alivyoona yeye. Mara nyingi alivyoona yeye ilifaa. Mara nyingine haikufaa, na nilibaki nimesimama mbele ya ukuta uliokwisha kukauka, natafuta sauti ya kumwambia mtu wa umri wake kwamba ubomolewe.

Basi ikafika ile Ijumaa. Masika yalikuwa yamepita, mto umepanda na kushuka, na Injinia akaanza kuwa na wasiwasi na udongo wa upande wa mto, kama unaweza kubeba msingi tuliokwisha kuumwaga. Alitaka aje achimbue apime kabla nguzo za upande ule hazijapanda. Alinipigia simu mimi, lakini mimi nilikuwa njiani kwenda Mikumi, hapo kwenye kata moja ya wilaya yetu inayoitwa Ulaya, ambako simu haikushika. Saidia fundi walipenda kunitania kwa hilo, kila Ijumaa waliniaga, "Dada, utusalimie Ulaya." Aliponikosa, akampigia Mzee Athumani. Tindiga wakati ule mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya stoo, na Mzee akapanda pale na kisimu chake, akaziba sikio la pili kwa kidole. Watu wote walisikia upande wake wa maongezi. Upande wa Injinia aliusimulia mwenyewe baadaye, na haukupishana hata kidogo na wa Mzee. Alisema: "Mzee, simamisha nguzo za upande wa mto. Nakuja Jumatatu." Na Mzee akajibu: "Sawa, Injinia. Nimekuelewa."

Nawaomba mnaosoma mlitazame hilo neno, kwa sababu mimi nimelitazama maisha yangu yote. Ukisimamisha gari, limeacha kwenda. Ukisimamisha mlingoti, umeuinua. Hakuna aliyesema vibaya na hakuna aliyesikia vibaya. Injinia, mtu wa ofisi na mikutano, alisema zuia. Mzee Athumani, mtu aliyekuwa ameinua nguzo tangu ujana wake, alisikia inua, na tena alisikia kwamba bosi anakuja Jumatatu kuziona. Aliposhuka kwenye kichuguu, wanasema, alikuwa anatabasamu. Aliwaita watu wote. Walifanya kazi Jumamosi, wakafanya kazi Jumapili, hata wale wa kanisani walitoka ibadani wakaja moja kwa moja na nguo zao nzuri wamezikunja kwenye mifuko. Nondo zikafungwa, mbao zikafungwa, zege likamwagwa. Mama Pili aliwapikia bila kuambiwa. Mzee hakuwahi kuisukuma saiti ile namna ile wakati mimi nikiwepo, na nikikumbuka hilo hata leo naona wivu.

Jumatatu asubuhi nilifika kutoka Mikumi na begi langu begani, nikaziona nguzo kwa mbali kabla sijaona watu. Zilikuwa nzuri. Zimenyooka, zimejipanga, nyingine zimeshavuliwa mbao. Nikadhani Injinia ameshakuja na kuruhusu. "Shikamoo, Mzee," nikasema, "mmefanya kazi." Akajibu, "Marahaba. Tumekutunzia heshima, mama." Nilifurahi. Nilikuwa bado nimesimama pale nimefurahi wakati pikapu ya Injinia ilipoingia.

Injinia alikuwa mtu wa makamo, na siku zote akishuka kwenye gari kitu cha kwanza kilikuwa kumwamkia Mzee Athumani. Siku ile alipita mbele yake bila shikamoo. Koleo zikanyamaza zote. Alienda mpaka kwenye nguzo ya kwanza, akaigusa kwa kiganja, akageuka.

"Nani amesema nguzo zipande?"

"Wewe, Injinia," Mzee akasema.

"Mimi nilikwambia usimamishe."

"Ndiyo. Tumesimamisha."

"Mzee, nilisema simamisha."

"Na ndivyo tulivyofanya. Zote za upande wa mto."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikaona uso wa Injinia unabadilika, nikajua anadhani anafanyiwa mzaha mbele za watu na mtu mwenye koti la kijivu. Hakumwambia Mzee neno lingine. Akanivuta pembeni ya gari, akasema nguzo zivunjwe, na mzee yule aondoke. "Msimamishe leo," akaniambia. "Mimi naenda Rudewa kwenye saiti nyingine. Nikirudi mchana nikute umeshamsimamisha. Kama huwezi, niambie sasa hivi, ofisini nafasi yako ipo." Dereva wake alikuwa anatazama usukani. Pikapu ikaondoka, na mimi nikabaki na begi begani, sijalitua hata chini.

Nilienda kwa Mama Pili nikaagiza chai sikuinywa. Banda lake lilikuwa na ukuta wa matete, na nje ya ukuta huo saidia fundi wawili walikuwa wamekaa kivulini. "Atamtoa," mmoja alisema. "Anatafuta cheo yule." Mwingine akasema, "Hata mimi ningemtoa. Ungefanyaje?" Kisha wakaanza kubishana nani atakuwa fundi mkuu mpya, Mzee bado yupo hai na anatembea mbele yao. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeshaanza kuyapanga maneno. Nilikuwa nimeshafika kwenye "Mzee, samahani sana." Nililiona deski la ofisini, nikaiona birika, nikasikia simu inalia, na nikajua nitayasema hayo maneno kwa sababu sitaki kurudi kule.

Nilimkuta kwenye pipa la maji anatawadha. Nikasubiri amalize mkono.

"Mzee," nikasema, "Injinia ameniambia nikusimamishe kazi."

Akamalizia mguu, akalining'iniza kopo pale mahali pake.

"Basi nisimamishe, mwanangu. Usiniombe ruhusa."

"Unaona sawa?"

"Naona umesimama juani na mzigo. Tua begi. Mimi naenda kuswali."

Akaenda zake stoo, ambako alikuwa na mkeka wake nyuma ya mifuko ya saruji. Nikatua begi. Nilikuwa na hasira, na wazo lililonijia pale halikuwa la hekima wala la darasani, lilikuwa la hasira tupu: kwamba Injinia ameshindwa kusema zuia, na sasa anataka mimi nilibebe hilo neno lake kwa mara ya pili. Niliwakusanya watu wote mbele ya zile nguzo. Nikawauliza mmoja mmoja, ukiambiwa simamisha nguzo, unafanya nini? Wa kwanza akasema anaiinua. Wa pili akasema anaacha kazi. Wa tatu akafikiri, akasema, "Inategemea nani amesema, dada." Mabishano yakaanza, wakasahau kuniogopa na kunidharau, wakawa wanapigiana kelele kuhusu neno la lugha yao wenyewe. Mzee Athumani alipotoka stoo na alama ya mkeka kwenye paji la uso, nikamwita.

"Mzee, njoo usimame hapa mbele."

"Nisimame nifanye nini?"

"Nguzo zinavunjwa. Wewe ndiye utakayewaongoza, nondo zisiumie."

Nilidhani atasema "sawa, mama," aende kukusanya vitu vyake. Badala yake akaja, akapanda juu ya rundo la kokoto, akachukua nyundo kubwa mkononi mwa mmoja wao, akaanza kuwaelekeza. Nguzo ya kwanza aliipiga mwenyewe.

Injinia aliporudi alimkuta hapo hapo juu ya kokoto. Alishuka kwenye gari akanijia moja kwa moja.

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Nimsimamishe Mzee."

"Na umefanya nini?"

"Nimemsimamisha, Injinia. Yule pale amesimama."

Dereva akalaza kichwa juu ya usukani, mabega yakawa yanamcheza. Watu wa nguzo wakaacha kugonga. Mimi nikaendelea kusema kwa sababu ningenyamaza ningelia. Nikamwambia neno alilotumia asubuhi ni lile lile alilotumia Ijumaa, na kama leo nimekosea kulielewa, basi Mzee naye alikosea vivyo hivyo, na atusimamishe wote wawili, kwa maana yoyote atakayopenda. Injinia alitazama nguzo zilizovunjwa, akatazama watu, akatazama viatu vyake. Kisha akatembea mpaka kwenye rundo la kokoto.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Athumani aliacha ile shikamoo ining'inie hewani. Tulisikia jogoo wa Mama Pili. "Marahaba," akasema hatimaye, na akashuka. Wakaenda pamoja upande wa mto, wakachimba pembeni ya msingi, na kabla shimo halijafika magotini maji yalianza kujikusanya chini. Mzee akachuchumaa, akachukua udongo akaufinyanga kwa vidole. "Hapa kweli pasingebeba," akasema. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Lakini Mzee alibaki kazini, na kabla ya kupanda gari Injinia aliniambia kwa sauti ya chini, "Wewe tutaonana mwisho wa mwaka."

Mwaka wa watu wengine uliendelea, wangu ulikwama kwenye hiyo sentensi. Sikulala vizuri tena kati ya magunia yale. Pikapu ikionekana mbali nakimbilia kupima ukuta. Mikumi niliwasimulia wenzangu, wakacheka mpaka Mwalimu Festo akatoa leso, na mmoja wa wale niliowasikia kupitia ukuta akasema, "Sauti umeipata, ila kazi umeipoteza." Saiti nzima ikaanza kuniita Dada Simamisha. Na neno lenyewe likatoweka midomoni mwa watu. Tulisema inua, tulisema zuia, na mtu akijisahau anazomewa. Hapo ndipo nilipopata pia jibu la lile swali langu la shikamoo. Nilianza kumaliza kila agizo langu kwa Mzee kwa kumuuliza, "Sasa, Mzee, vijana niwaambieje?" Naye, kwa kuwa mzee akiombwa maneno hakatai kuyatoa, ananieleza kirefu niwaambie nini, na nikimsikiliza najua kama tumeelewana. Alikaa kimya kuhusu hilo wiki kadhaa. Siku moja kwa Mama Pili, akiwa anachambua miiba ya kambale, akasema bila kuinua macho, "Mama, unanirudisha shule kwa mlango wa nyuma." Nikataka kufa kwa aibu. Akaongeza, "Si vibaya. Kule mlango wa mbele sikuingia."

Kuelekea mwisho wa ujenzi Injinia alinipigia simu nikiwa juu ya kichuguu. "Zuieni zege la lenta," akasema. "Zuieni. Umenisikia? Hebu rudia." Nikasema, "Tuzuie zege la lenta." Akasema, "Haya," akakata. Nilibaki pale juu na simu sikioni, na nilifurahi kuliko siku ile tuliyofunga mafunzo kwa pilau na soda, Injinia aliposimama mbele ya Mwalimu Festo na watu wote akasema kwa neno moja kavu, "Anafaa." Kisha akanipeleka Kisanga kujenga vyoo vya shule. Sijui hadi leo kama ilikuwa ni kunipandisha au kunikomoa. Niliomba jambo moja, fundi mkuu awe Mzee Athumani, na alikubali. Tulijenga vyoo vile kama ikulu, na tukaendelea hivyo saiti baada ya saiti, mpaka macho yake yalipokataa kusoma timazi.

Kabla hajafariki nilikwenda kumwona. Ilikuwa mchana, chumba chake kina joto, dirisha limefunguliwa, na koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari. Mwajuma alikuwa ametoka kwenda kumchemshia uji. Mimi, kama kawaida yangu, nilikuwa nimeshanyoosha shuka, nimeshahamisha dawa, nimeshaangalia ufa wa ukutani, na sasa nikaona amelala vibaya nikapitisha mkono chini ya mgongo wake nimwinue akae. Alikuwa mwepesi mno. Akafumbua macho.

"Usinisimamishe," akasema.

Mkono wangu ukabaki pale pale. Sikujua ananikataza kumwinua, au ananiambia nisimzuie kwenda.

"Mzee," nikasema, "Mwajuma nimwambieje?"

Alielewa. Niliona kwenye pembe za macho kwamba amelijua lile swali, la miaka yote ile, na lilimchekesha.

"Mwambie yote mawili, mama."

Nikamlaza taratibu, nikautoa mkono wangu. Kulikuwa na kiti kando ya kitanda. Nikakivuta, nikakaa, na sikuinuka mpaka uji ulipokuja.